Kupima Mabaki ya Viuatilifu Katika Maji ya Kisima: Mwongozo kwa Anayeanza Kazi ya Maabara

Mzee mmoja alifika maabara asubuhi akitokea Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, amesafiri usiku kucha na jerikani la manjano la lita 5 alilolipakata ndani ya basi. Alilitua mezani akasema, "Daktari, haya maji ya kisima chetu yananuka dawa. Nipimie dawa zote." Nilifungua kizibo na kunusa. Jerikani lilikuwa likinuka mafuta ya taa, na alipoulizwa alikubali kwamba ndilo analonunulia mafuta ya taa, ingawa alilisuuza mara tatu. Safari yote ile ilipotea bure, nami sikuwa na la kumsaidia zaidi ya kumpa chupa mbili zilizooshwa na kumweleza namna ya kuzijaza.

Maswali mengine hujirudia kila msimu wa kupulizia: je, chupa ya maji ya dukani inafaa? Je, mashine moja inaona dawa zote? Kwa nini majibu ya maabara mbili hayalingani? Mwongozo huu ni kwa mhitimu mpya, mwanafunzi wa mafunzo kazini, na afisa wa maji wa wilaya anayetaka kuelewa kinachofanyika baada ya yeye kukabidhi chupa. Unaeleza njia moja kikamilifu, yaani kuvuta viuatilifu kutoka majini kwa katriji (kimrija chenye chembe zinazonasa dawa) na kuvisoma kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, ambayo maabara zote huiita GC-MS. Njia nyingine zimetajwa pale tu ambapo hii inashindwa. Katika miaka yangu ya kazi hii mashine imenidanganya mara chache. Chupa, vizibo na mikono yangu mwenyewe vimenidanganya mara nyingi, na ndiyo maana hatua za mwanzo zimepewa nafasi kubwa kuliko za mashine.

Amua kwanza unatafuta nini

Hakuna kipimo kinachoona "dawa zote". Kabla ya kugusa kisima, pita katika mashamba yanayokizunguka ukatazame makopo na pakiti tupu zilizotupwa pembezoni, kisha uingie katika duka la pembejeo lililo karibu uone kilichopo rafuni. Saa moja ya kazi hiyo ina faida kuliko wiki nzima ya kukisia. Katika vilima vya Kabale na Kisoro utakuta mchanganyiko wa mankozebu na metalaksili unaopulizwa kwenye viazi. Kwenye nyanya na kabichi utakuta sipametrini, profenofosi na dimethoati, na kwenye mahindi glifosati na atrazini. Katika wilaya za Apac na Oyam, ambako DDT ilipulizwa ndani ya nyumba dhidi ya malaria mwaka 2008, watu bado huuliza kama imefika visimani.

Fikiria pia ni dawa gani ina uwezo wa kushuka hadi kwenye maji ya ardhini. Metalaksili huyeyuka kiasi cha gramu 8 katika lita moja ya maji na haishikwi sana na udongo, kwa hiyo husafiri. Atrazini huyeyuka takriban miligramu 33 kwa lita, nayo ni maarufu duniani kwa kuonekana visimani. DDT huyeyuka mikrogramu chache tu kwa lita na hung'ang'ania udongo, kwa hiyo ukiikuta kwa wingi katika maji ya kisima kirefu yaliyo maangavu, shuku kwanza chupa yako, kisha shuku tope lililoingia kisimani kutoka juu ya ardhi.

Njia iliyoelezwa hapa inaziona vizuri atrazini, metalaksili, klorpirifosi, profenofosi, lindani, endosulfani, dieldrini, jamii ya DDT na sipametrini. Dimethoati huonekana, ila kwa sababu inapenda maji hurejeshwa, yaani hupatikana tena mwisho wa kipimo, kwa kiasi kidogo, hasa kwenye katriji za C18 (silika iliyovikwa minyororo ya kaboni 18). Glifosati haionekani kabisa. Inahitaji kufungwa kwanza na kemikali iitwayo FMOC na kusomwa kwa kromatografia ya kimiminika. Parakwati nayo haionekani, na isitoshe hujibandika kwenye kioo, kwa hiyo sampuli yake huchukuliwa kwenye chupa ya plastiki ya polipropilini. Mankozebu huvunjika, na kinachotafutwa majini ni zao lake liitwalo ethilinithiourea. Dawa ya magugu ya 2,4-D ni asidi, na sampuli yake lazima itiwe asidi hadi pH iwe chini ya 2 kabla ya kuvutwa. Mteja akitaja mojawapo ya hizi nne, mwambie mapema kwamba ni kazi nyingine, yenye chupa nyingine na bei nyingine.

Ikiwa una visima 60 na fedha za kupima 10, vipo vifaa vya kingamwili vya kupima atrazini ambavyo hubadilika rangi na kuweza kuona hadi chini ya mikrogramu 0.1 kwa lita. Vitumie kuchuja visima vya kupelekwa kwenye mashine. Jibu lao pekee usilitolee cheti, kwa sababu kingamwili hizo huwashika pia ndugu wa atrazini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chupa za kioo cha kahawia za lita 1, zenye vizibo vilivyotandikwa teflon kwa ndani.
- Kasha la barafu, mifuko ya plastiki ya kufungia chupa, glavu za nitraili, kalamu isiyofutika, na kipimo cha mkononi cha pH, joto na upitishaji umeme.
- Katriji za polima za miligramu 200 au za C18 za miligramu 500, pamoja na chombo cha ombwe cha kuzishikilia.
- Methanoli, asetati ya ethili, dikloromethani, asetoni na heksani, zote za daraja la uchambuzi wa viuatilifu. Viyeyusho vya daraja la kawaida ni rahisi kununua, lakini utavilipia baadaye kwa vilele visivyoeleweka kwenye chati ya mashine.
- Salfeti ya sodiamu isiyo na maji, iliyochomwa kwenye tanuri kwa nyuzi 400 za Selsiasi kwa saa 4 na kuhifadhiwa kwenye chupa ya kioo.
- Gesi ya naitrojeni kwa kukaushia na heliamu kwa mashine.
- Miyeyusho sanifu ya kila dawa unayoitafuta, yenye cheti na ambayo haijapita muda wake.
- Kemikali ya shahidi, inayotiwa kwenye sampuli mwanzoni ili ionyeshe kiasi kilichopotea njiani, kwa mfano trifenilifosfeti, na kemikali ya rejea, inayotiwa mwishoni ili vilele vingine vilinganishwe nayo, kwa mfano fenanthrini yenye deuteriamu.
- Kabati la kufyonza hewa linalofanya kazi. Dikloromethani na heksani ni sumu kwa anayezivuta puani siku baada ya siku. Kama kabati limeharibika, ahirisha kazi.

Hatua za kazi

1. Osha chupa. Sabuni na maji moto kwanza, maji ya bomba, maji safi ya maabara, asetoni, halafu heksani. Vyombo vya kioo visivyo vya vipimo vichome kwenye tanuri kwa nyuzi 400. Chupa za ujazo na silinda za vipimo usizichome, kwa sababu joto hilo huharibu alama zake. Funga midomo kwa karatasi ya alumini hadi siku ya kutumika.

2. Chagua siku. Kusini mwa nchi mvua kubwa huja kati ya Machi na Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Sampuli iliyochukuliwa katikati ya kiangazi peke yake haisemi mengi. Chukua moja kabla ya kupulizia na nyingine wiki chache baada ya mvua kushika, na uwaulize wakulima tarehe waliyopulizia. Mwulize pia mtunza kisima kama fundi wa pampu amemwaga klorini karibuni. Kama ndiyo, rudi wakati mwingine. Kama huwezi kurudi, tia takriban miligramu 80 za thiosalfeti ya sodiamu katika kila chupa ya lita moja ili klorini isiendelee kuzila dawa njiani.

3. Piga pampu kabla ya kuchukua. Maji yaliyolala ndani ya bomba si maji ya ardhini. Piga pampu ukisoma joto, pH na upitishaji umeme kila baada ya dakika 2 au 3, mpaka visomeko vitatu mfululizo vikaribie kulingana. Kwa pampu ya mkono ni nadra kupungua dakika 10. Mahali ambapo akina mama wamekuwa wakiteka tangu alfajiri kazi hiyo imekwisha kufanywa na foleni, lakini soma vipimo hata hivyo. Waombe watu waweke majerikani yao chini ya mdomo wa pampu wakati huo, kwa sababu hakuna atakayefurahi kuona maji ya dakika 10 yakimwagwa.

4. Jaza chupa. Vaa glavu mpya. Asiyekuwa na glavu, na hasa aliyejipaka mafuta ya kufukuzia mbu, asishike chupa wala kizibo. Kinga maji moja kwa moja kutoka kwenye mdomo wa pampu, bila mpira wala faneli ya plastiki, na usiguse chupa kwenye chuma. Chupa iliyokwisha kutiwa thiosalfeti isisuuzwe kwa sampuli. Chukua chupa mbili kwa kila kisima, na katika kila safari chukua chupa moja ya maji safi ya maabara, uifungue kisimani, uimimine kwenye chupa tupu iliyooshwa, uifunge, na urudi nayo. Hiyo ndiyo sampuli tupu ya safari, na wanaoiona kuwa ni usumbufu ni wale ambao bado haijawaokoa.

5. Andika papo hapo. Namba ya kisima, mahali kwa vipimo vya GPS, tarehe na saa, kina kama kinajulikana, vipimo vya mkononi, zao lililo karibu na umbali wake, choo kilicho karibu, na kama sakafu ya saruji ya kisima ina nyufa. Nyufa hizo mara nyingi hueleza majibu kuliko aina ya mwamba.

6. Safirisha kwenye barafu na gizani. Lengo ni nyuzi 4 hivi. Barafu ya wauza samaki inafaa kabisa mradi kila chupa iwe ndani ya mfuko wake. Chupa iliyojaa usiigandishe, itapasuka. Kasha la barafu lisikae kwenye gari lililobeba dawa au pampu ya kupulizia. Vuta dawa ndani ya siku 7 tangu kuchukua sampuli. Kutoka Kisoro hadi Kampala siku moja huliwa na barabara, kwa hiyo panga na maabara kabla ya kuondoka.

7. Pima uzito, tia shahidi. Pima chupa ikiwa na maji, na baadaye ikiwa tupu. Tofauti ya uzito ndiyo ujazo halisi wa sampuli, na ni sahihi kuliko kumimina maji kwenye silinda, ambako dawa zinazopenda mafuta zitabaki ukutani. Tia mikrolita 100 za shahidi wa mikrogramu 1 kwa mililita, pamoja na mililita 5 za methanoli, ukatikise taratibu. Kwa kila kundi la sampuli andaa pia maji safi ya maabara matupu, na maji mengine safi uliyoyatia mikrogramu 0.1 ya kila dawa unayoitafuta. Maji yenye tope usiyachuje na kutupa chujio, kwa maana DDT na sipametrini zimekaa kwenye hilo tope. Weka chujio la nyuzi za kioo juu ya katriji, na baadaye vyote vioshwe pamoja kwa kiyeyusho.

8. Tayarisha katriji, kisha pitisha sampuli. Pitisha mililita 5 za asetati ya ethili, 5 za methanoli, na 5 za maji safi. Tangu methanoli ilipoingia katriji isikauke hadi sampuli ianze kupita; ikikauka, rudi kwenye methanoli. Vuta maji kwa mwendo wa mililita 10 kwa dakika au chini ya hapo, ambao ni kama dakika 100 kwa lita. Wanafunzi wengi hufungua ombwe lote ili wawahi chakula cha mchana. Dawa hazisubiri; maji yakikimbia nazo hupita.

9. Kausha na kung'oa. Maji yakiisha, acha hewa ipite kwenye katriji kwa dakika 20 hadi 30. Kisha mimina mililita 5 za asetati ya ethili ndani ya *chupa ya sampuli*, izungushe iloweshe kuta zote, na hiyo ndiyo uipitishe kwenye katriji. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa kuliko zote, na dalili yake ni atrazini kurejea vizuri huku DDT na sipametrini zikirejea nusu. Fuatisha na mililita 5 za dikloromethani. Pitisha dondoo lote, yaani kiyeyusho hicho kilichobeba dawa, kwenye salfeti ya sodiamu ili kuondoa matone ya maji.

10. Punguza ujazo. Puliza naitrojeni polepole, uso wa kiyeyusho ukitetemeka bila kuruka, kwa joto lisilozidi nyuzi 40, hadi ibaki nusu mililita. Usiache likauke kabisa, maana lindani itaondoka na hewa. Tia kemikali ya rejea na ufikishe mililita 1 kamili. Ikiwa maabara yako haina spektrometa ya masi na unasoma kwa kigunduzi cha kunasa elektroni, badilisha kiyeyusho kuwa heksani mara mbili, kwa sababu mabaki ya dikloromethani, yenye klorini ndani yake, yatakifunika kigunduzi hicho. Kigunduzi hicho kina nikeli ya mnururisho ndani, kwa hiyo kamwe usikifungue mwenyewe. Nchini Uganda vyanzo vya namna hiyo vipo chini ya Baraza la Nishati ya Atomiki.

11. Andaa mstari wa ulinganisho. Lita moja imekuwa mililita moja, kwa hiyo mikrogramu 0.1 kwa lita katika maji ni nanogramu 100 kwa mililita katika dondoo. Tengeneza ngazi za nanogramu 10, 25, 50, 100, 250 na 500 kwa mililita. Kabla ya kuzisoma, ingiza myeyusho wa DDT peke yake. DDE na DDD, mazao ya kuvunjika kwa DDT, zikijitokeza na kuzidi asilimia 15 ya jumla, kiingizio cha mashine ni kichafu na kinaivunja DDT. Badilisha mrija wake wa kioo kwanza.

12. Soma kwenye GC-MS. Mpangilio unaofaa kuanzia ni kolamu ya mita 30 yenye asilimia 5 ya fenili, kipenyo cha milimita 0.25, kiingizio nyuzi 250 bila kugawa sampuli, mikrolita 1, heliamu mililita 1 kwa dakika. Tanuri lianze nyuzi 60 kwa dakika 1, lipande nyuzi 20 kwa dakika hadi 160, kisha nyuzi 5 kwa dakika hadi 290, libaki hapo dakika 8. Ni dakika 40 kwa kila sindano. Fuatilia ioni teule, ambazo namba zake ni masi za vipande vya kila dawa: atrazini 200, 215 na 202, klorpirifosi 197, 199 na 314, lindani 181, 183 na 219, DDT 235, 237 na 165, DDE 246, 318 na 316. Ili kusema dawa ipo, kilele kitoke katika muda ule ule wa myeyusho sanifu, na uwiano wa ioni zake ufanane na wa myeyusho huo. Kilele kimoja chenye muda sahihi na uwiano mbaya si dawa, hata kama mteja anasubiri kwa hamu. Baada ya kila sampuli 10 rudia ngazi ya kati. Ikiyumba zaidi ya asilimia 20, zilizosomwa katikati zirudiwe.

13. Kokotoa. Gawa kiasi kilicho kwenye dondoo kwa ujazo halisi wa sampuli. Dondoo la mililita 1 likisoma nanogramu 64 na sampuli ilikuwa lita 0.96, jibu ni nanogramu 66.7 kwa lita, yaani mikrogramu 0.067. Usirekebishe kwa asilimia ya kurejeshwa bila kuandika kwamba umerekebisha.

14. Kagua kabla ya kuamini. Maji matupu yawe matupu kweli. Maji uliyoyatia dawa yarejeshe kati ya asilimia 70 na 120. Shahidi awe ndani ya mipaka uliyojiwekea. Kikomo chako cha kuona kipate kwa kupima maji yenye dawa kidogo mara 7, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kuzidisha mkengeuko sanifu kwa 3.14; mkengeuko ukiwa mikrogramu 0.006 kwa lita, kikomo ni mikrogramu 0.019 kwa lita.

15. Andika ripoti. Neno "hakuna" lisionekane kwenye ripoti. Andika "haikuonekana, kikomo mikrogramu 0.02 kwa lita", ili msomaji ajue jicho lako linaona mpaka wapi. Linganisha na kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, ambacho ndicho kinachotumika Uganda, na pia na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: mikrogramu 100 kwa lita kwa atrazini pamoja na mazao yake ya karibu, 30 kwa klorpirifosi, 6 kwa dimethoati, 2 kwa lindani, 1 kwa DDT na mazao yake, na 0.03 tu kwa aldrini na dieldrini kwa pamoja. Umoja wa Ulaya hauangalii sumu ya kila dawa namna hiyo, umeweka 0.1 kwa karibu kila dawa na 0.5 kwa jumla yake. Kwa hiyo kisima chenye atrazini 0.4 kinavuka mpaka wa Ulaya na kiko mbali sana chini ya ule wa Shirika la Afya Duniani, na afisa atakayepewa tarakimu bila maelezo hayo anaweza kufunga kisima pekee cha kijiji. Angalia pia dieldrini: maabara yenye kikomo cha 0.05 haina haki ya kusema maji yamefaulu.

Mambo yakienda kombo

*Dawa ile ile inaonekana kwenye kila sampuli, hata kwenye maji matupu.* Uchafu ni wako. Maabara moja niliyofanya kazi ilihangaika wiki mbili na permetrini iliyokuwa kila mahali. Tulibadilisha viyeyusho, katriji, hata kolamu. Mwishowe mlinzi wa usiku alisema, bila kuulizwa sana, kwamba alikuwa akipuliza kopo la dawa ya mbu katika chumba chetu ili asiumwe akiwa kwenye kiti chetu. Anza kwa kupitisha kiyeyusho peke yake, kisha salfeti, kisha katriji, kila kimoja mbalimbali, mpaka kimojawapo kikiri.

*Vilele vikubwa vya ioni 149.* Hizo ni kemikali za kulainishia plastiki. Tafuta glavu za vinaili, mipira ya gesi, vizibo visivyo na teflon, au sampuli iliyopita kwenye jerikani kabla ya kuingia chupani.

*Shahidi amerejea asilimia 40.* Katriji ilikauka, mwendo ulikuwa wa kasi, au dondoo lilikaushwa mno. Chupa ya pili ya kisima hicho ndiyo uliichukua kwa siku kama hii.

*Shahidi amerejea asilimia 160.* Mara nyingi mtu amemtia mara mbili, au ujazo wa mwisho haukufika mililita 1. Angalia daftari kabla ya kuangalia mashine.

*Vilele vina mikia mirefu, na klorpirifosi na dimethoati zimepungua huku atrazini ikiwa sawa.* Badilisha mrija wa kioo na kizibo cha mpira cha kiingizio, ukate sentimita 20 za mwanzo wa kolamu, kisha urudie kipimo cha kuvunjika kwa DDT.

*Kwenye kigunduzi cha kunasa elektroni kuna kilima kinachofunika nusu ya chati.* Kwa maji yenye harufu ya yai bovu hiyo ni salfa. Tikisa dondoo na unga safi wa shaba mpaka unga uache kuwa mweusi.

*Umeme umekatika katikati ya msururu wa sampuli.* Betri ya akiba iwe ya kutosha kuzima mashine kwa utaratibu, hata kama haitoshi kuendelea nayo. Umeme ukirudi, acha pampu ya ombwe ifanye kazi usiku mzima, pima kama hewa inavuja, soma upya ngazi ya kati, na urudie sampuli zote zilizofuata ngazi iliyofaulu mara ya mwisho.

*Maabara mbili zimetoa majibu tofauti kwa kisima kimoja.* Uliza kwanza kama maji yalitekwa siku moja na kwa chupa za namna moja, halafu kama moja ilichuja tope na nyingine haikuchuja, halafu vikomo vyao. Yakibaki kutofautiana, badilishaneni madondoo: funga kila dondoo kwenye kichupa cha kioo cha kahawia, lihifadhi kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na kila mmoja asome la mwenzake ndani ya siku 40. Yakilingana hapo, tatizo liko kwenye kuvuta dawa au kwenye kuchukua sampuli. Yasipolingana, mmoja wenu ana miyeyusho sanifu mibovu, na vyeti vya chupa hizo ndivyo vya kutazamwa kwanza. Hadi hapo dondoo lolote lisimwagwe, na likija kumwagwa liingie kwenye chupa ya taka ya viyeyusho vyenye klorini; sinki la maabara huishia ardhini, na ardhi hiyo nayo ina kisima.